Neno Nililolipepeta

Mwanangu wa kwanza aliishi kutoka alfajiri hadi saa tisa alasiri. Ilikuwa mwaka 1986, zahanati ya Lalago. Sista aliyenihudumia, mgeni mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliniuliza jambo, nami kwa udhaifu nikadhani anauliza mtoto kazaliwa lini. Nikasema, leo. Akachukua maji, nikamsikia akisema, Leo, nakubatiza. Ndivyo mtoto alivyopata jina.

Tangu siku hiyo wifi yangu Domitila anasema niliota. Damu ilikupungua, anasema, hapakuwa na ubatizo pale, na jina gani hilo la siku. Mume wangu Ndalahwa aliniamini, lakini ametangulia, na Sista alirudi kwao zamani. Kila Novemba, siku ya marehemu wote, niliandika majina ya kusomwa kanisani, na la mtoto nikaliacha. Niliogopa kusema uongo mbele ya altare.

Mwaka jana vitabu vya zamani vya ubatizo vya vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, Lalago ikiwemo, vililetwa parokiani kwetu hapa Bariadi. Mchwa walikuwa wamekula safu ya wazazi na ya tarehe. Wanakwaya wakapiga picha kila ukurasa, wakachapa yaliyosalia kwenye kompyuta, na Judica, afisa TEHAMA wa halmashauri, Mlutheri wa kutoka Same, akajitolea Jumamosi zake ili mtu akiandika neno, kompyuta ilitafute katika vitabu vyote. Alihitaji anayejua majina ya huku. Padri akanitaja mimi, Eufrasia, niliyeishia darasa la saba. Nilikwenda na ungo na mchele wa kupepeta, maana sijui kukaa mikono mitupu.

Judica alinieleza kuwa mashine haijui kitu mpaka ipewe kamusi tatu. Ya kwanza hukata maneno: alibatizwa, wamebatizwa, kubatizwa, yote yanabaki shina moja. Nikastaajabu. Ni kama ndugu wa ukoo mmoja waliovaa nguo tofauti, nayo inawatambua kwa mifupa. Ya pili ilikuwa ya majina, na hapo mwalimu nilikuwa mimi. Nikamwambia Lucy, Lusia na Luzia ni jina moja, na kwamba Raymond huku kwetu ni Lemondi, na mwandishi wa zamani aliandika alivyosikia. Akaingiza. Akajaribu Raymond, wakaja akina Lemondi sita waliokuwa wamepotea. Nikafanya ishara ya msalaba.

Judica, ambaye ameshajifunza kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akacheka. "Mayu, hiyo ni mistari mitatu tu niliyoandika."

Nikamwambia hata Mungu alipoumba nuru hakusema mengi.

Kamusi ya tatu ni ya maneno ya kurukwa, yale madogo yaliyojaa kila mahali, ambayo mashine ikiyahesabu inachoka bure. Nikamwambia kwetu hayo tunayaita pumba. Akawa anasoma, mimi napepeta. Na? Pumba. Ya? Pumba. Kwa? Pumba. Jana, leo, kesho? Pumba, nikasema, na ungo ukaenda.

Alasiri kazi ikaisha, nikamweleza shida yangu. Nilimwomba aandike Leo, Lalago. Wakaja watu mia nane na kumi na wawili. Tukashuka nao ukurasa baada ya ukurasa, macho yakachoka, tukaacha kabla ya nusu. Akaandika Leo peke yake, kioo kikabaki cheupe. Akanipa pole. Nilihisi kama Domitila amesimama nyuma ya kiti changu.

Lakini ile namba ilinikaa kichwani. Nikamwomba aandike Lalago tu. Wakaja mia nane na kumi na wawili, hajapungua mtu.

"Tulisema maneno mawili, imesikia moja," nikasema. "Lile jingine limekwenda wapi?"

Judica akafungua orodha ya pumba, akaishusha kwa kidole. Lilikuwa pale, kati ya jana na kesho. Nilikuwa nimempepeta mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Akalitoa. Akasema sasa mashine lazima isome vitabu vyote upya, kwa kuwa ilipoyapanga maneno mara ya kwanza hilo ililiruka. Nikashika rozari. Nilikuwa nimefika kumi la tatu alipoandika tena.

Ukaja mstari mmoja. *Leo. Hatari ya kufa. Zahanati, Lalago. Jina limetajwa na mama.*

Akafungua picha ya ukurasa wenyewe. Ni mwandiko wa Sista, uliolala upande. Mchwa walikuwa wamefika ukingoni mwa neno mama, wakaishia hapo. Niligusa kioo, nikauondoa mkono upesi, kama mtu aliyegusa kitu kitakatifu bila kunawa. Nikawaza kwamba Mungu yeye kamusi yake haina pumba. Yule mnyang'anyi msalabani aliahidiwa kwa neno hilo hilo dogo, leo utakuwa nami peponi, nalo likamtosha.

Domitila sikumwambia. Novemba nikaandika majina mawili.

Katekista Selestini akasoma: Ndalahwa. Kisha akasoma: Leo. Akatulia avute pumzi, na watu wakainua vichwa wakingoja tangazo. Domitila alikuwa pembeni yangu.

"Leo kuna nini?" akaninong'oneza.

"Ni mtoto wa kaka yako," nikamjibu. "Ameandikwa kitabuni."

Akashuka magotini, taratibu kwa sababu ya goti lake bovu, na orodha ilipokwisha na watu kuketi, yeye alikuwa bado chini.