Breki za Orville

Ijumaa mchana Lorna Haskett alikuwa amepiga magoti kwenye gereji ya marehemu baba yake, na viatu vya breki vya nyuma vya gari la mzee vilikuwa vimekataa kukaa sawa kwa mara ya pili. Kesho yake baba huyo, mzee Orville, angezikwa. Katika chama chao cha magari ya kale, pale Indiana, Marekani, mwanachama akifa gari lake hutangulia msafara hadi makaburini, na usukani hushikwa na mtu wa damu yake. Wa damu alikuwa amebaki Lorna peke yake.

"Uliagiza vya mwaka gani?" aliuliza Merle, rafiki wa marehemu.

"Hamsini na moja. Si ndio mwaka wa gari lenyewe, mzee Merle? Na hivi ulivyoniletea wewe ni vya mwaka huo huo. Vinaelea tu ndani ya ngoma ya gurudumu, havigusi ukuta."

Watu wa magari haya wana ugonjwa mmoja: kwao mwaka wa gari ni neno la Mungu. Ukishautaja, hakuna anayepima. Merle alitikisa kichwa, akachukua rula, akapima ngoma kwa ndani.

"Wajinga wawili sisi," alisema. "Hii si ya gari hili. Hii ni ngoma ya pikapu."

Lorna aliikwangua grisi iliyoganda juu yake. Chini ikatokea rangi ya kijani, ile inayopakwa matrekta.

Wote wawili waliijua. Dale, kaka yake Lorna, aliipaka pikapu yake rangi hiyo hadi chini ya uvungu, kabla treni haijamgonga akiwa nayo na kumuua kwenye kivuko cha reli. Lorna alikuwa bado shuleni. Wiki ile ile baba alisema pikapu imekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na jina la Dale halikutajwa tena mezani. Lorna hakuwahi kumsamehe baba yake. Alimwona ni mtu mwenye moyo wa jiwe.

"Kumbe mzee aling'oa ekseli nzima ya nyuma ya pikapu akaifunga huku," Merle alisema taratibu. "Kila Jumapili alikwenda nalo kanisani, kumbe yuko na mwanawe."

"Mbona hakuniambia?"

"Baba yako? Huyo hata jino likimuuma hasemi. Inuka, binti. Vya pikapu ninavyo ghalani."

Viliingia kana kwamba vilizaliwa humo. Lorna alilia huku akifunga springi, wala hakujificha.

Jumamosi aliutangulia msafara. Njia ya makaburini hukata reli kwenye kivuko kile kile cha Dale, na pale Orville alikuwa na desturi ya kusimama kabisa, treni iwepo isiwepo, huku wa nyuma wakimpigia honi na binti yake akiona haya. Lorna alikanyaga breki. Gari likasimama sawasawa, bila kuvuta upande. Reli ilikuwa tupu kushoto na kulia.

"Dale," alisema kwa sauti, "baba anakuja."

Nyuma yake magari yote yalisimama, na hakuna aliyepiga honi.