Kibao cha Eduviges

Kila mwaka, siku ya kupika tamali za Krismasi, vile vifurushi vya unga wa mahindi vinavyopikwa kwa mvuke, marehemu doña Hortensia aliingia kwa mlango wa uani, akanawa mikono, akafunga aproni. Alikuwa na miaka minne kaburini. Mkwewe, Eduviges, alimsogezea rundo la maganda ya mahindi yaliyolowekwa, naye akaanza kuyapaka donge la unga kwa mgongo wa kijiko, moja baada ya jingine, huku akilalamikia kiuno. Sebuleni wanaume walitazama mpira.

"Mama, hata kufa hakujakupumzisha?"

"Mikono haitoshi, mwanangu. Nani atapaka, Fermín?"

Wakacheka mpaka kijiko kikaanguka. Fermín, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, hajagusa donge tangu azaliwe.

Baadaye kicheko kile kilimuuma Eduviges. Akaapa kwamba mwaka ujao mama huyu ataketi, apende asipende. Tangu Januari alikuwa akikata vifuniko vya ndoo za rangi, apate kibao cha kupakia donge. Kibao cha kwanza kilichana maganda. Cha pili kilipaka donge nene kama godoro. Jirani akamuuliza kama siku hizi amekuwa seremala. Yeye aliendelea kukata. Ilipofika Oktoba alipata kibao chenye kingo ndogo pembeni, ukikivuta mara moja tu ganda zima limepakwa, tena sawasawa.

Desemba hiyo sufuria ilijaa kabla ya adhuhuri. Doña Hortensia alivuta kiti, akanywa kahawa ingali moto. Hakuwahi kuliona jiko lake akiwa ameketi. Eduviges alifurahi hadi machozi yakamlenga.

Fermín akaja kuchungulia. Akambusu mama yake utosini.

"Mmeshamaliza? Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi! Basi naita timu yetu nzima ya mpira na familia zao. Ongezeni sufuria mbili."

Akarudi kwenye mpira.

Ile sufuria iliyokuwa motoni ikagoma. Mvuke ulitoka, kuni ziliongezwa, tamali zikabaki mbichi. Mji mzima wa Atlixco unajua kwamba tamali haziivi penye mtu mwenye hasira.

"Nani kakasirika humo?" Fermín akauliza kutoka sebuleni.

"Hakuna!" wakaitikia wote wawili.

Doña Hortensia akaweka kikombe chini, akafunga tena aproni.

"Kata vibao vingine viwili, mwanangu," alisema. "Mama yangu naye yuko njiani."