Chombo cha Kupimia Mvua

Nzilani, mwanafunzi wa uhandisi wa maji, alirudi Kiandutu asubuhi baada ya mafuriko. Chombo chake cha kupimia mvua alikuwa amekiweka juu ya paa la Mama Khamisa, akamwachia neno moja tu: "Kitunze sana, mama, ni mali ya chuo." Kumweleza kazi yake? Hilo aliliona ni kupoteza wakati.

Sasa nyumba ilikuwa matope matupu. Khamisa alisimama mlangoni, bado amelowa chapachapa, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa nailoni na leso. Akakifungua taratibu.

"Mvua ilipoanza tu, nilikishusha," alisema. "Vyangu vyote vimeenda na maji, mwanangu, lakini hiki chenu hakikuguswa hata na tone moja."