Mwezi Uliochelewa Harusini

Bingwa alikuwa na la kusema kuhusu kila kitu kilichoumbwa, na kwa vile Mungu aliumba vingi, mdomo wake haukupata likizo. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mwezi.

"Mwezi ukichomoza unakuwa mkubwa kwa sababu uko karibu," alisema, amejibwaga kwenye kiti cha wateja, miguu juu ya boksi la fremu. "Ukipanda juu unakwenda mbali, ndiyo maana unanywea. Kitu kidogo tu hicho, lakini watu hawajui."

Mdogo wake wa kike aliyemfuatia, ambaye mtaa mzima ulimwita Lenzi, alikuwa anafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Akabetua midomo, akaendelea kufuta. Alikuwa na diploma ya upigaji picha, na tangu amalize chuo hajafanya kazi kwingine ila hapo, kwenye studio ya baba yao. Bingwa yeye alikuwa ameuza simu, ameuza magodoro, ameuza maneno. Hiyo biashara ya tatu ndiyo iliyomkubali. Sasa alikuwa amerudi nyumbani na kujipachika studioni kama kalenda ya mwaka jana: haina kazi, na hakuna mwenye roho ya kuibandua.

Tatizo ni kwamba baba alikuwa anastaafu. Mikono ilishaanza kumtetemeka, na picha zake za pasipoti zilikuwa zinatoka kama mteja amepigwa akiwa kwenye trekta. Alikuwa ametamka wazi, mbele yao wote: "Mdogo wenu anaolewa Jumamosi. Atakayempigia ile picha yake ya mwezi, ikatoka anavyoitaka, ndiye nitakayemwachia ufunguo wa studio."

Huyo mdogo wao ni Kitinda, mziwanda wa nyumba. Na picha aliyoitaka haikuwa deko. Marehemu mama yao ndiye aliyechora lile pazia la nyuma la studio, lenye mwezi mkubwa kama sinia. Kitinda alipokuwa mtoto alikuwa analala chini ya mwezi ule wakati wazazi wanahudumia wateja. Unyevu uliota ukutani ukalila pazia lile kipande kwa kipande. Sasa alitaka asimame na mumewe mbele ya mwezi wa kweli, mkubwa vilevile, picha itundikwe pale pale lilipokuwa pazia.

"Niachie mimi," Bingwa alimwambia. "Nitakupa mwezi mpaka useme inatosha."

Lenzi akasonya kimoyomoyo. Kila mtu aliyeshika kamera wiki mbili anajua: jicho ndilo linalodanganyika, kamera haidanganyiki. Mwezi unaochomoza na mwezi wa utosini ni saizi ile ile. Tena ukiwa utosini ndio uko karibu kidogo zaidi.

*

Ijumaa jioni walikwenda kufanya mazoezi kwenye kilima cha tangi la maji, mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka. Kitinda alikuja vilevile alivyotoka saluni: rola kichwani, gauni la nyumbani lenye doa la chai, kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani. Bwana harusi alikuwa kijana mpole, fundi wa mafriji, aliyekuwa bado anaogopa kila mtu wa ukoo huo.

Jua lilikuwa halijazama, bado linawapiga usoni, mwezi ulipochungulia upande wa pili.

"Uoneni huo!" Bingwa akapiga makofi kama aliyeuagiza yeye. "Si niliwaambia uko karibu?"

"Shemeji," Lenzi akamwambia bwana harusi, "hebu inama uuchungulie katikati ya miguu yako."

"Mimi, shemeji?"

"Wewe. Hapa hakuna mkweo."

Kijana akatazama huku na huku, akainama, kichwa chini, makalio yameelekea tangi. "Lo! Umenywea!"

"Haya, simama, unyooshe mkono. Uzibe kwa ukucha wa kidole kidogo."

"Umezibika wote!"

"Basi huo ndio mwezi wa Bingwa. Ukubwa wa ukucha."

Kitinda alicheka mpaka rola moja ikamdondoka. Bingwa hakucheka. "Michezo ya watoto," alisema. "Kesho muda huu huu, hapa hapa, mavazi kamili. Tena mwezi huu huu, maana siku zote unatuonyesha uso mmoja tu. Upande wa pili ni giza totoro, jua halijaugusa tangu dunia iumbwe."

Uso mmoja, kweli. Mtu akirusha mawe siku nzima, embe moja litaanguka. Lakini giza? Upande ule unapata jua lake sawasawa na huu; sisi tu ndio hatuuoni. Kichwa cha kaka yangu, Lenzi aliwaza, ndicho jua halijakigusa.

Halafu lile la "muda huu huu" likamgota sikioni. Mwezi hautoki saa ile ile kila siku. Kila siku unachelewa, karibu saa nzima. Kesho utatoka jua likiwa limeshakwenda zake, na nyuso za maharusi zitakuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa.

Alifungua mdomo. Akamwona Bingwa anavyopima kilima kwa hatua ndefu, amefinya jicho moja, kidole gumba mbele kama mhandisi wa barabara. Akaufunga. *Mwache,* alijiambia. *Mwache aanguke mbele za watu, labda ataokota akili huko chini.*

"Naenda kununua vocha," alisema.

Hakununua vocha. Alishuka barabara ile moja kwa moja hadi karibu na gereji, mbali kiasi kwamba watu wa kilimani walikuwa kama njiti mbili za kiberiti, akafunga lenzi ndefu. Ndiyo siri yenyewe, wala si siri: ukitaka mwezi uwe mkubwa, usiukimbilie huo mwezi, wakimbie watu. Ukiwa mbali nao, wao wanakuwa wadogo, na mwezi unabaki vilevile. Hiyo lenzi ndefu ikishawavuta wote pamoja, mwezi unawazidi kimo. Alichotaka ni kupima tu. Fundi wa magari alitoa kichwa chini ya lori akauliza, "Dada, unapiga picha tangi?" Akaendelea kulenga. Kwenye kioo cha kamera, Kitinda alikuwa amekaba shati la mchumba wake, anacheka kinywa wazi, jua la mwisho liko mashavuni. Lenzi akabonyeza mara moja.

*

Jumamosi Bingwa alivaa koti. Aliwapandisha maharusi kilimani pamoja na wasimamizi, mashangazi na keki iliyogoma kubaki nyuma. Muda wa jana ulifika. Mwezi haukufika.

"Wingu hilo," Bingwa alisema.

"Wingu liko wapi?" shangazi mmoja akauliza. "Mbingu nyeupe kama shuka la hospitali."

Jua likazama. Upepo ukashika shela ukaizungusha kwenye bomba la tangi. Wageni wakaanza kuulizana chakula kiko wapi. Bingwa alikuwa anatembea huku na huku, anatazama saa, anatazama mbingu, kama anamdai mtu. Mwezi ulipotoka, kiza kilikuwa kimeshika, na yeye akawasogelea maharusi akawasha flashi. Picha ilitoka watu wawili weupe kama waliomwagiwa unga, na nyuma yao kitu kama kidonge cha kichwa.

Kitinda aliishika kamera, akatazama. Hakupiga kelele. Alitokwa machozi tu, wanja ukamchirizikia kwenye gauni la mama yake.

Lenzi alikuwa amesubiri tangu jana kucheka. Badala yake alichomoa kile kitambaa laini cha kufutia kamera, akamfuta Kitinda wanja.

*

Jumapili asubuhi alisafisha picha ya Ijumaa kwa ukubwa wa ukuta, akaipeleka mwenyewe kwa baba yake studioni. Kitinda na mumewe walikuwepo, wamekuja kuaga. Mwezi ulikuwa umejaa kimo chote cha picha, na ndani yake watu wawili: rola, doa la chai, kandambili mbili zisizojuana.

Kitinda alitazama muda mrefu. "Ya mama haikuwa na kandambili," alisema, akacheka huku analia. "Itundikeni. Hii hii."

Baba hakutazama picha. Alimtazama Lenzi. "Hii ya lini?"

"Ijumaa."

"Ulijua Jumamosi mwezi utachelewa?"

"Nilijua, baba."

"Na ukanyamaza."

Lenzi akaitikia kwa kichwa.

"Sikia," mzee alisema. "Kaka yako ni debe tupu, hata mimi nasikia mlio wake. Lakini debe tupu halimlizi bibi harusi. Anayemliza ni yule anayejua, akakaa kimya ili apate cha kucheka. Mdharau kadiri upendavyo, mwanangu, lakini mdharau kwa sauti. Dharau ya kunyamaza wanailipa wengine."

Akamwekea ufunguo kiganjani. Halafu, kwa sauti ile ile: "Na yeye anabaki. Atabeba stendi ya kamera."

Lenzi akamgeukia mdogo wake. "Nisamehe, Kitinda. Ningesema neno moja tu."

"Ungesema," Kitinda alijibu, "na ningepiga picha nikiwa na gauni la mama." Akamfinya mkono, kwa nguvu kupita kawaida kidogo.

Siku chache baadaye Lenzi alifungua studio asubuhi, Bingwa nyuma yake, amebeba stendi begani kama jembe la kuazima.

"Nimefikiria," Bingwa alianza. "Kosa ni kufanya kazi jioni. Mwezi ni wa usiku. Mchana unakuwa upande wa..."

"Mwongo," alisema Lenzi, kwa sauti iliyofika hadi kwa muuza magazeti ng'ambo ya barabara. "Mwongo, tena mjinga, kaka yangu. Tua hiyo stendi."

Akamshika mkono wa shati, akamburuta hadi katikati ya njia, akamgeuza kwa mabega kuelekea magharibi. Juu ya mabati ya duka la magodoro, kwenye mwanga mweupe wa asubuhi, mwezi uliomegeka upande mmoja ulikuwa umekaa zake.

Bingwa alitazama. Akafinya jicho moja, akaupima kwa kidole gumba.

"Leo umetoka mapema," alisema hatimaye.

"Haya, rudi ndani," Lenzi alisema, "nikueleze."