Toni Mbili Juu

Venant hakuwahi kupigiwa makofi peke yake, wala hakuyadai. Watu wa parokia walijua wanakwaya wao mmoja mmoja, nani anaimba na nani anapiga kelele tu, lakini mtu wa kinanda kwao alikuwa kama fundi wa umeme: hukumbukwa siku mambo yanapoharibika. Siku za kazi Venant alifundisha hesabu. Jioni na Jumapili alisindikiza. Hilo ndilo neno alilolitumia mwenyewe, kusindikiza, kama unavyomsindikiza mgeni hadi barabarani: humtangulii, humburuti, na akisimama kufunga kiatu, nawe unasimama.

Kazi hiyo aliijua, tumpe haki yake. Alisikia pumzi ya mwimbaji kabla mwimbaji mwenyewe hajaivuta. Mtu akisahau ubeti katikati ya misa, vidole vya Venant vilizungukazunguka palepale mpaka akumbuke, na waumini wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Lakini alikuwa na aibu yake. Alijua kupiga katika do tu, ile ngazi ya funguo nyeupe tupu. Frère Donatien, mtawa aliyemfundisha kule Walungu kwenye harmonium ya kukanyaga iliyotafunwa na panya, alipiga kila kitu katika do, na funguo nyeusi alizigusa kama sufuria ya moto. Kisha vikaja vinanda vya umeme vyenye kile kitufe cha kupandisha na kushusha. Unabonyeza, sauti inahama, vidole vinaendelea kutembea njia ileile ya zamani. Venant akaona ameokoka, na hakujifunza zaidi.

Sasa Jumamosi moja akaja parokiani kwao, mtaa wa Muhumba mjini Bukavu, maman Noëlla, mwalimu wa shule ya muziki ya Lubumbashi, kuchagua mwimbaji wa kwenda kusomeshwa bure. Mmoja tu. Venant ndiye angewasindikiza wote, na wote aliwatakia mema, lakini aliyemkosesha usingizi alikuwa Chantal.

Chantal alitoka kijijini Miti, kwa mama yake Marcelline, muuza maharage, akiwa bado msichana wa sare za shule, na yote aliyoyajua ya muziki aliyajua akiwa ameegemea kinanda cha Venant. Sasa alikuwa mtu mzima, na shule ile haikupokea waliopita umri fulani. Mwaka ujao angekuwa amechelewa. Mjomba wake alishamtafutia kazi ya kuuza simu dukani. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Wimbo wake ulikuwa wa Kilatini, wa Bikira Maria, wenye noti moja ya juu karibu na mwisho. Zamani, katika misa ya kumpadirisha kijana wa parokia, sauti ya Chantal ilivunjika juu ya noti ile, vijana wa nyuma wakacheka, na yeye akalia nyuma ya sakristia mpaka macho yakavimba. Venant alimwonea uchungu kama mtoto wake wa kumzaa. Kesho yake akaushusha wimbo toni mbili kwa kitufe, na tangu siku hiyo haukupanda tena. Uliimbwa vizuri, watu waliusifu, na hakuna aliyecheka tena.

Waimbaji walipita mmoja mmoja ukumbini. Maman Noëlla alikuwa ametoa amri moja.

"Ukisimama katikati, njo umemaliza. Sitaki pardon, sitaki kurudia."

Chantal alikuwa wa mwisho. Venant alikuwa amekwisha kumwekea toni zake mbili chini, kila kitu tayari, ndipo umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa. Mtu akaenda kuwasha groupe, jenereta ya parokia, nyuma ya ukumbi, na wakati wakiisubiri maman Noëlla akamgeukia mpiga kinanda.

"Papa, una oreille nzuri sana, sikio ya kweli. Ulisomea wapi?"

Masikini Venant! Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akaanza kueleza habari za Frère Donatien na panya wa harmonium, akijitahidi kulikwepa lile neno do, na jasho likamtoka. Groupe ikanguruma, kinanda kikawaka, maman Noëlla akarudi kwenye kiti chake, na Venant, kichwa kikiwa bado Walungu, akampa Chantal akodi yake ya kuanzia, zile noti za pamoja za kumwonyesha pa kuingilia.

Chantal akaisikiliza. Akavuta pumzi, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari.

Groupe ile ilikuwa na kelele za kumwamsha marehemu, na Venant alifika mstari wa pili ndipo masikio yake yakamwambia. Kinanda kinapozimika husahau yote uliyokiwekea, jambo analolijua kila mpiga kinanda wa Bukavu, na ambalo yeye mwenyewe aliwahubiria vijana kila wiki. Wimbo ulikuwa juu, pale ulipoandikwa, na Chantal ameshaingia ndani yake.

Akawaza kusimama, lakini kusimama kulikuwa ndiyo mwisho. Akawaza kushuka kwa mikono, lakini njia ya kushuka ilipita katika funguo nyeusi ambazo hakuwahi kuzizoea. Akamwona tena yule msichana wa sakristia. Nimemuua mutoto wa watu, alijisemea, na vidole viliendelea kwa sababu havikuwa na pengine pa kwenda.

Basi akafanya alichokiweza. Noti ile ilipokaribia, alilegeza mwendo, akapunguza mkono wa kushoto, akamwachia Chantal nafasi ya kujaza kifua bila kukimbizwa. Kisha akafumba macho, mtu mzima wa miaka hamsini, kama anayesubiri sindano ya daktari.

Noti ikaja nzima. Haikutetemeka wala haikupigiwa kelele. Ilikuwa imetulia, na Chantal akaikalia zaidi ya alivyofundishwa, mpaka Venant akalazimika kufumbua macho na kumngoja. Hakuwahi kuisikia sauti ile. Miaka yote hiyo, na hakuwahi kuisikia.

Kabla ya saa sita maman Noëlla akalisoma jina, nalo lilikuwa la Chantal. Kwaya ikapiga vigelegele, watu wakamkumbatia wakimzungusha huku na huku. Venant alifurahi kuliko wote. Akageukia nyaya za kinanda ili apate la kufanya na uso wake.

Chantal akajipenyeza mpaka alipokuwa.

"Papa Venant, aksanti. Aksanti sana."

"Usinishukuru, mutoto wangu." Angeweza kunyamaza, watu wangesema amefanya makusudi, lakini hakuweza. "Ilikuwa kosa yangu. Courant ilikatika, bouton ikasahau, na miye nikasahau nayo. Kidogo tu ningekuharibia maisha."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ulipotoa ile accord, nilisikia iko juu."

Venant akaziacha nyaya. "Na haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeishusha."

"Sasa ungejuaje kama utaifikia?"

Chantal akatazama chini, akawa anakunja ncha ya kitenge chake. "Kule Miti naiimbaka juu, papa. Shambani, na maman. Tangu zamani."

"Tangu zamani ya wapi?"

"Tangu mwaka ule ule wa sakristia."

Venant akatafuta kiti, akakaa. Ilimuuma, tusidanganyane. Mtu aliyejivunia kusikia pumzi ya kila mwimbaji alikuwa amekaa miaka karibu na kifua kile asisikie kitu.

"Sababu ya nini haukusema, Chantal? Miaka yote ile?"

Chantal akageuka kuutazama mlango. Nje walikuwa wakimwita, groupe imezimwa, na jina lake likasikika wazi mara mbili.

"Kila tulipofika pale, ulikuwa unafumba macho, papa," alisema polepole, bila ubaya hata kidogo. "Uliogopa sana. Nikaona niimbe tu pale weye ulikuwa unaweza."

Akampigia goti dogo la heshima, kama wanavyofanya mabinti wa kwao, akatoka kuwafuata waliokuwa wakimwita. Venant akainuka, akamsindikiza mpaka mlangoni, na hapo ndipo alipolia.