Waliokuwa Wakimtafuta Nyanchera

Mimi sipendi kushindwa na kitu kidogo, na kisanduku cha kutafuta ni kitu kidogo. Kazi yangu hapa Kisii mjini ni kuandika kurasa za msaada za programu ya simu ambayo makarani wa vituo vya majani chai huitumia kuandika kilo za wakulima. Karani akikwama anaandika neno kwenye kisanduku, ukurasa unaofaa unajitokeza. Lakini wengi walikuwa wakiambulia patupu, kisha wanatupigia simu wakifoka. Nikaamua kuchungulia wanaandika nini hasa.

Walikuwa wanaandika "Nyanchera".

Ai! Hilo si jina la mtu? Nikamwita Anyona, tunayekaa naye ofisi moja, aje aone. Kituo cha Kenyenya wameandika Nyanchera, cha Ogembo Nyanchera, mwingine huko Nyamira kaandika "Nyanchera tena".

"Huyo lazima ni mrembo," Anyona akasema.

"Nyamaza wewe! Nani atatafuta mrembo kwenye maelezo ya mizani?"

Nilitamani kujua hadi chai ikanipoea mezani. Nikampigia karani wa Ogembo, nikamuuliza bila kuzunguka. Akacheka.

"Madam, si ile shida ya kilo kupotea? Ilianzia kwa Nyanchera, karani wa Nyamache, basi tunaiita hivyo."

Unawaona watu wetu? Mwaka wa njaa tutaupa jina, nzige tutawapa jina, na simu ikileta ukorofi tunaibandika jina la wa kwanza kuumia. Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeuita "Kushindwa kwa Usawazishaji wa Data". Aki, hata mama yangu mzazi hawezi kutafuta hivyo.

Dawa ilikuwa rahisi: niongeze "Nyanchera" kwenye ukurasa, kazi iishe. Lakini mwenyewe je, anajua? Swali hilo lilinisumbua, kesho yake nikapanda boda boda hadi Nyamache.

Nilimkuta kituoni, mama wa makamo, anafagia. Wakulima walikuwa wameketi na magunia yao kando ya mizani, wanamngoja karani mwingine atoke kituo cha pili aje awapimie. Nikajitambulisha, nikamweleza kilichonileta. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Kwa hiyo nimekuwa jina la ugonjwa."

"Mama, si hivyo."

"Ni hivyo. Siku ile mtandao ulikatika, nikafunga programu, nikaenda nyumbani. Asubuhi kilo za watu ni sufuri. Zikakaa siku kadhaa, zikarudi zenyewe, wakasema nimeiba kisha nikaogopa nikazirudisha. Tangu hapo hakuna anayekubali nimpimie. Na jina hili si langu peke yangu, mwanangu. Ni la nyanya yangu, nililirithi kwake, na yeye hakuchukua hata ndizi ya mtu. Ukiliandika huko, umemwandika na yeye."

Hasira zilinipanda, na hazikuwa juu yake. Programu yetu ndiyo iliyozificha zile kilo! Ukiifunga kabla hazijatumwa, inazikalia hadi mtandao urudi. Ukurasa wangu ulisema hivyo, lakini chini kabisa, ambako hakuna aliyefika.

Nikafungua kompyuta juu ya meza yake. "Jina lako halitaonekana popote," nikamwambia. "Ila anayeliandika kwenye kisanduku ataletwa hapa." Nikafuta kichwa cha zamani, na juu kabisa nikaandika: *Kilo hazijapotea na hakuna aliyeiba. Programu yetu imezificha.* Mkubwa wangu hatalipenda hilo neno "yetu". Shauri yake.

Nikampa simu yangu ajaribu. Hakuishika. Akageukia wakulima, akamwita yule aliyemwita mwizi kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mzee Okemwa, njoo uandike jina langu hapa."

Mzee akaja shingo upande. Akaandika herufi moja moja, ukurasa ukafunguka, akausoma kwa sauti. Wenzake wa karibu wakainua vichwa. Akasoma tena kimoyomoyo, akanirudishia simu bila kunitazama, akaenda akalibeba gunia lake na kulitundika kwenye mizani.

"Nipimie, mama," akasema.

Nyanchera hakugusa mizani.

"Nitakupimia," akajibu. "Lakini kwanza soma tena. Wale wa nyuma hawajasikia."