Ubatizo wa Jikoni

Wateja walimwita Mzee Sponji, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa makochi, mtu wa misumari midomoni na nyundo mkononi, na siku za Jumapili alikuwa katekista wa parokia, akifundisha darasa la dini. Mwanawe wa pekee alijifunza ufundi kwake, wakawa wanafanya kazi pamoja kwenye karakana nyuma ya nyumba waliyoishi wote. Walielewana vizuri tu, mpaka kijana alipooa, kisha yeye na mkewe wakajiunga na Wamormoni, kanisa lenye nabii aliye hai na kitabu kingine kando ya Biblia.

Tangu hapo kila kochi lilitengenezwa kwa ugomvi.

"Mmejitafutia kitabu cha pili," mzee alisema siku moja, akibandua kitambaa kilichooza kwenye kiti cha mteja. "Kwani Biblia iliwapungukia nini?"

"Biblia tunaisoma, baba. Ila Mungu hakunyamaza. Nyinyi ndio mnasema mtume wa mwisho alipokufa, ufunuo ukafungwa. Nani aliufunga?"

"Kristo ndiye Neno lote. Ukishapewa yote, unaongezewa nini? Papa haleti ufunuo mpya. Analinda tulichopokea na kutueleza maana yake."

"Na mnalazimika kumfuata."

"Akitangaza rasmi fundisho la imani, ndiyo, na halitanguki tena. Haya, nabii wenu akisema leo kinyume cha yule aliyemtangulia, mnamfuata yupi?"

"Aliye hai."

"Basi hamna mafundisho, mna redio. Kila asubuhi mnasubiri taarifa ya habari."

Kijana alitupa mkasi mezani. "Bora redio kuliko saa iliyosimama, halafu watu wanaisifu eti haibadiliki."



Mjukuu alipozaliwa, mambo yaliharibika zaidi. Mzee aliuliza mtoto atabatizwa lini. Mkwewe, mwalimu wa chekechea asiye na maneno mengi, alimjibu kwa adabu.

"Akifika miaka minane, baba. Awe anajua jema na baya, achague mwenyewe."

"Na akifa kabla?"

"Ataenda kwa Mungu. Amemkosea nini?"

Mzee aliamini mtoto huzaliwa na dhambi ya asili, na ni ubatizo unaoiondoa. Kuanzia hapo hakuwa na raha. Akimwona mtoto anakohoa, moyo unamruka.

Ikatokea mkwe anatoka kwenda dukani na mumewe yuko kwa mteja, anapima makochi. Mzee akaachiwa mtoto. Alikuwa mzima wa afya, ameshiba, anachezea vidole vyake. Mzee alimbeba hadi jikoni, akakinga maji ya bomba kwenye kikombe, akayajaribu kwa kiwiko yasije yakawa ya baridi mno. Akammiminia mara tatu juu ya paji la uso, akimbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akapiga chafya. Mzee akacheka huku machozi yanamtoka.

Alipogeuka, mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa vitu.

"Baba, umefanya nini?"

Angeweza kusema anamwosha uso. Hakusema hivyo. "Nimembatiza."

Mkwe aliweka mfuko chini, akamchukua mtoto, akamfuta kichwa kwa pindo la gauni lake, akafuta na kufuta mpaka mtoto akalia.

Kijana aliporudi hakukaa hata chini. "Kitabu chetu kinasema kumbatiza mtoto mchanga ni kumdhihaki Mungu. Wewe umemdhihaki, tena nyumbani kwangu."

"Nyumba hii niliijenga mimi."

"Basi tunahama."

Kesho yake mzee alikwenda kwa paroko, kifua mbele, akitegemea pongezi. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto alikuwa mahututi?"

"Hapana, Padri."

"Wazazi walikubali?"

"Wazazi ni Wamormoni."

"Sikukuuliza dini yao." Paroko alivua miwani. "Ubatizo umeshika, haufutiki. Lakini Kanisa linakataza ulichofanya, na wewe mwenyewe umekuwa ukilifundisha hilo darasani. Nenda kawaombe radhi. Na usifundishe tena mpaka nitakapokuambia."

Mzee alitoka pale amenywea. Maisha yake yote alikuwa akimwambia mwanawe kwamba Kanisa likishasema, mjadala umekwisha. Sasa lilikuwa limesema, na limemsema yeye.

Aliwakuta wanafunga mizigo. "Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Padri ameagiza."

"Kwa hiyo si moyo wako, ni padri," kijana alisema.

"Kanisa limesema nilikosea."

"Na wewe unaamini ulikosea?"

Uongo haukumjia. "Naamini nilivunja sheria. Kwamba nilimkosea mtoto, siamini."

"Kwetu yale yalikuwa maji tu. Hukuwa na mamlaka yoyote ya kubatiza."

"Na ubatizo wenu Roma haiutambui. Siku utakapomzamisha huyo mtoto, utakuwa umemwogesha tu."

"Nyamazeni," mkwe alisema. Alikuwa amekaa juu ya sanduku, mtoto mapajani. "Mnashindana nani anasema kwa niaba ya Mungu. Mimi nilikuachia mwanangu, baba, kwa sababu nilikuamini. Sikukuachia kwa sababu ya Papa wala nabii."

Walihama siku hiyo hiyo, na kijana akaondoka na cherehani yake. Akafungua karakana mtaa wa pili, na baadhi ya wateja wakamfuata.

Siku hizi mzee huruhusiwa kwenda kumwona mjukuu. Hupewa kiti, hupewa mtoto ampakate, lakini haachwi naye peke yake. Mkwe akiinuka hata kidogo tu, humchukua mwanawe kwanza. Baba na mwana huongea bei ya sponji na wateja wasumbufu. Paroko bado hajamrudisha darasani. Mzee huondoka mapema, na mwanawe hamsindikizi.